Renjifainda ya 6x9: fremu tupu, picha ya tisa isiyokuwepo, na sikio kali kuliko jicho

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Nilizoea kamera ya filamu ya 35mm ya refleksi, ile unayotazama kupitia lenzi yenyewe. Sasa nimenunua Fujifilm GW690III ya mtumba. Roli mbili za mwanzo za filamu ya 120, ile pana kuliko 35mm, zimenichanganya. Fremu tatu zimetoka wazi kabisa, kama plastiki. Picha za watu niliowapiga kwa karibu zina sikio kali na jicho lenye ukungu. Roli ya pili kamera ilikubali picha ya tisa na ya kumi, kisha mkono wa kuvutia filamu ukawa mwepesi, haukazi tena. Halafu pembeni mwa filamu kuna weusi unaoingia ndani ya picha. Fundi wa studio amesema filamu zimeungua na kamera ni mbovu. Niirudishe?

Jibu: Marahaba. Usiirudishe bado. Katika hayo manne, matatu ni ya mkono wa mtumiaji, na hilo la fokasi linataka kipimo cha nusu saa kabla hujamrudia muuzaji. Neno la fundi nalo lisikutishe. Studio nyingi za mtaani, filamu yoyote iliyoharibika "imeungua", iwe iliingia mwanga, haikupata mwanga, au dawa ilikuwa imechoka. Kwenye negativi, sehemu iliyopata mwanga mwingi huwa nyeusi. Fremu zako tatu ziko wazi, maana yake hazikupata mwanga hata chembe. Huko si kuungua, ni kinyume chake.

Kabla ya yote, elewa umetoka kwenye kamera gani umeingia kwenye ipi. Refleksi inakuonyesha kile ambacho lenzi inakiona. GW690III ni renjifainda: unatazama kupitia kidirisha kilichoko juu, pembeni ya lenzi, na lenzi ina shughuli zake kule chini. Kidirisha hicho kinaonyesha kila kitu kikali, cha miguuni na cha upeo wa bahari, hata fokasi ikiwa imekosewa kabisa. Kifuniko kikiwa kwenye lenzi hutaona giza. Kidole kikiziba lenzi hutakiona. Karibu kila hasara utakayoipata kwa kamera hii itatokana na kuamini kwamba ulichokiona ndicho lenzi ilichokiona.

Tuanze na fremu tupu. Chukua negativi uitazame kandokando ya fremu hizo tatu. Kama majina ya filamu na namba za kiwandani zinasomeka vizuri pembeni, dawa ilifanya kazi na tatizo liko kwenye kupiga. Kama hata maandishi ya pembeni hayapo, mrudie fundi aliyeosha. Kwa kuwa fremu nyingine za roli hiyo hiyo zimetoka, naamini maandishi utayaona.

Basi zinabaki sababu tatu. Ya kwanza, na ndiyo inayowapata wengi, ni kifuniko cha lenzi. Dawa yake ni kukiacha nyumbani: funga kichujio cha UV cha milimita 67, ambao ndio ukubwa wa uzi wa lenzi hii, na kinga ya jua iliyojengwa kwenye lenzi italinda kilichobaki. Ya pili ni kitufe kubonyezwa ndani ya mkoba. Wengi wakishapiga huvuta filamu hapo hapo, kwa mazoea ya kamera ndogo, kisha hurudisha kamera mkobani ikiwa imekokiwa, tayari kufyatuka. Kamera ya karibu kilo moja na nusu ikijigonga kwenye mkoba, kitufe kinabonyea chenyewe. Kwa hiyo vuta filamu pale unapotaka kupiga, usiivute mapema. Faida nyingine ya mazoea hayo ni kwamba filamu iliyovutwa muda huo inakaa bapa zaidi kuliko iliyoshinda mchana kutwa imenyooshwa kwenye joto na unyevu, na kwenye fremu ya sentimita 6 kwa 9 filamu ina nafasi kubwa ya kubinuka.

Sababu ya tatu ni shata yenyewe, yaani mlango wa lenzi unaofunguka kupitisha mwanga, kugoma. Hii ndiyo ya kuipima. Kamera ikiwa haina filamu, fungua mgongo, vuta mkono mara mbili (kamera hii huvuta fremu moja kwa mivuto miwili, si mmoja), weka tundu la lenzi kwenye f/3.5, yaani wazi kabisa, elekeza lenzi dirishani na utazame kwa nyuma huku ukifyatua. Pita kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/500. Kila mara uone duara la mwanga likifunguka na kufunga. Kasi za polepole zirekodi sauti kwa simu, kisha tazama kwenye rekodi umbali kati ya mlio wa kufungua na wa kufunga: sekunde 1 iwe karibu sekunde moja, 1/2 iwe nusu yake. Ikiwa sekunde moja inakuwa mbili, au shata inasita katikati kisha inamalizia, mafuta yamekauka kwenye gia za kasi ndogo na panahitajika fundi wa kuisafisha. Ukiona alama za mafuta kwenye majani ya shata, usinyunyizie chochote. Mafuta kwenye majani hayo ndiyo yanayoyagandisha, na ukiyaongeza ya cherehani utakuwa umeiua shata kabisa.

Chini ya kamera kuna kihesabu kidogo kinachosogea namba moja kwa kila mifyatuo kumi. Kisome. Kitakuambia kamera imefanya kazi kiasi gani kuliko maneno ya tangazo la mauzo.

Sasa picha ya tisa na ya kumi. Roli ya 120 katika umbo la 6x9 inatoa fremu 8, basi. Filamu ya 220, ambayo leo ni adimu, ilikuwa na urefu mara mbili na ilitoa 16, kwa sababu haina karatasi ya mgongo katikati. Kamera hii inakubali zote mbili, na wewe ndiye wa kuiambia umeweka ipi, tena sehemu mbili tofauti. Kuna swichi ya kihesabu na kuna bamba la kubana filamu lililoko ndani ya mgongo. Yako, kihesabu kilibaki kwenye 220. Baada ya fremu ya nane kikasubiri ya tisa, nawe ukaipiga kwenye mkia wa karatasi. Karatasi ilipokwisha, hakukuwa na cha kuvuta, mkono ukawa mwepesi. Hakuna kilichovunjika.

Lakini tazama na bamba. Likandamize kidogo na ulisogeze mpaka usome 120. Watu hurekebisha swichi wakasahau bamba, na hilo ndilo lenye madhara yasiyoonekana haraka: bamba likiwa kwenye 220 huku ndani mna 120 yenye karatasi, filamu inabanwa kupita kiasi, mkono unakuwa mzito na filamu inaweza kuchubuka kwa urefu wake wote. Ukiona mistari myembamba iliyonyooka inayopita fremu zote nane, anza kuuliza hapo.

Weusi wa pembeni ni suala la kukaza roli. Filamu ya 120 haina kopo la chuma kama 35mm. Kinachoizuia na mwanga ni karatasi yake tu, iliyozungushwa kwa kukaza kwenye spuli. Ikilegea, mwanga unapenya kati ya karatasi na ukingo wa spuli na kula pembeni. Weka filamu hivi: simama kivulini, au geuka mgongo uwe kati ya jua na kamera. Spuli tupu ihamie kulia, roli mpya ikae kushoto. Vunja kibandiko chake ukiwa tayari, si kabla, na hakikisha hakuna kipande cha kibandiko kilichobaki ndani. Ncha ya karatasi iingize kwenye ufa wa spuli tupu katikati kabisa. Ikiingia upande, karatasi itapanda ukingo mmoja wa spuli na roli itanenepa kama mkate. Kisha weka kidole gumba cha kushoto juu ya roli mpya kama breki nyepesi, na uvute mkono taratibu mpaka mshale wa karatasi ulingane na alama ya kuanzia kwenye kamera. Simama hapo hapo. Funga mgongo, endelea kuvuta hadi mkono ukaze wenyewe na kihesabu kisome 1.

Ukivuka mshale kabla ya kufunga, fremu zote zinasogea mbele na ya nane inaweza kukatika. Ukifunga kabla mshale haujafika, ya kwanza ndiyo itakayoangukia mahali pasipo na filamu.

Baada ya picha ya nane vuta mpaka uzito uishe, kisha ongeza mivuto miwili au mitatu. Toa roli kivulini ukiwa umeikaza kwa kidole, kunja ncha kwa ndani, lamba gundi na ufunge. Roli ikionekana imelegea, usiizungushe kwa nguvu ili ikaze, maana filamu inajisugua yenyewe na kuchubuka. Ifunge kwa karatasi ya foili uiweke gizani, na umwambie fundi aifungue kwenye giza kamili.

Sasa twende kwenye sikio na jicho, ambako ndiko kwenye kazi.

Renjifainda inapima umbali kwa pembe. Kuna madirisha mawili yaliyoachana, na ndani ya kidirisha unachotazamia kuna kiraka katikati kinacholeta picha ya pili. Unapozungusha pete ya fokasi, picha ya pili inasogea kushoto au kulia. Zikilingana zikawa moja, lenzi imewekwa kwenye umbali huo. Kwa kuwa inasogea kushoto na kulia tu, inahitaji mistari ya wima. Ukijaribu kulinganisha upeo wa bahari au ubavu wa ngalawa hutapata kitu, kwa sababu mstari wa mlalo ukisogezwa mlalo unabaki ulipo. Geuza kamera wima, linganisha, kisha irudishe. Mistari inayojirudia nayo inadanganya: nondo za dirisha, nakshi za mlango wa Kizanzibari, ukili wa mkeka. Kiraka kinaweza kulinganisha nondo ya tatu na ya nne, nawe ukaridhika. Tafuta kitu cha peke yake, kama kitasa, msumari mmoja au ukingo wa fremu, kisha tazama pete ya umbali imesoma ngapi. Kama mlango uko hatua nne na pete inasema mita 7, umedanganywa.

Kiraka kikififia, mara nyingi jicho lako haliko katikati ya kidirisha, au kidole cha kushoto kimeziba dirisha dogo la mbele. Jioni, mwombe unayempiga amulike uso wake kwa simu nukta chache, linganisha kwenye mstari wa mboni, azime, upige.

Kwa picha ya mtu, ukanda wa ukali ni mwembamba kuliko unavyodhani. Lenzi ya 90mm kwenye f/3.5, ukichukua kipimo cha ukungu cha milimita 0.06 (doa kubwa kuliko yote kwenye filamu ambalo jicho bado huliona kama nukta kali) ambacho kinafaa kwa ukubwa huu wa filamu, inatoa ukali wa takriban sentimita 20 kwa jumla ukiwa mita 2. Ukifika mita 1, ambako ndiko lenzi hii inakoishia kwa ukaribu, zinabaki sentimita 5 tu. Pumzi moja ya aliyekaa au ya aliyeshika kamera inatosha kuzimaliza.

Tena kuna kosa la jiometria ambalo naamini ndilo lililokupata. Kiraka kiko katikati, jicho la mtu huwa juu. Unalinganisha kwenye jicho, kisha unainamisha kamera ili uso ukae juu zaidi kwenye fremu. Bapa la ukali linainama pamoja na kamera. Ukiwa mita 1, kamera imeshikwa wima, na macho ukayapeleka kwenye mstari wa robo ya juu, umegeuza kamera karibu nyuzi 13, na ukali umehamia nyuma ya jicho kwa sentimita 2.6. Mbele ulikuwa na sentimita 2.5 tu za akiba. Jicho limetoka nje, sikio limeingia ndani. Ukiwa mita 3 au zaidi kosa hilo linamezwa na kina cha ukali.

Dawa si moja. Unaweza kulinganisha kwenye jicho, kisha ukashusha kamera nzima bila kuiinamisha, kwa kukunja magoti. Unaweza kurudi nyuma hadi mita 1.5 na kupunguza ukubwa kwenye skani, kwa kuwa negativi hii ina nafasi ya kutosha. Au funga tundu hadi f/8. Usijaribu kusahihisha kwa kuzungusha pete baada ya kupanga fremu. Kwa mtu aliye karibu, weka umbali kwanza, kisha sogeza mwili mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka kiraka kilingane, na ufyatue hapo hapo.

Hayo yote yana maana kama kipima-umbali chenyewe kiko sawa. Hiki ndicho kipimo cha nusu saa nilichokutajia. Kata kipande cha plastiki ngumu na angavu, rula ya shule inafaa, upana usizidi ule wa filamu, yaani sentimita 6 hivi. Bandika selotepu isiyong'aa, ile yenye ukungu, upande mmoja. Fungua mgongo wa kamera tupu na ulaze kipande juu ya reli za ndani, ambako filamu hukaa, upande wa selotepu ukielekea lenzi. Ukikiweka juu ya reli za nje, kipimo chote ni bure. Kamera iwe juu ya tripodi, tundu f/3.5, kasi kwenye T, fyatua. Shata itabaki wazi.

Lenga kwanza mnara wa simu au paa lililo mbali, nusu kilomita na zaidi. Pete ikigonga mwisho wa alama ya umbali usio na kikomo, kiraka kinatakiwa kiwe kimelingana na picha kwenye selotepu iwe kali ukiitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha bandika ukurasa wa gazeti ukutani, mita 3, halafu mita 1, ukipima kwa futi kamba kutoka mahali filamu inapokaa nyuma ya kamera, si kutoka kwenye kioo cha mbele cha lenzi. Linganisha kwa kiraka, tazama kwenye selotepu. Kama gazeti halisomeki vizuri, zungusha pete mpaka lisomeke na uandike pete imesogea kutoka namba ipi hadi ipi.

Matokeo yanasomeka hivi. Mbali na karibu vyote vikikosea upande mmoja, kipima-umbali kimesogea, pengine kwa kuanguka au kugongwa, na fundi anayezijua renjifainda atakirekebisha bila kugusa lenzi. Mbali kukiwa sawa na karibu kukikosea, uwiano wa mkono unaounganisha lenzi na kipima-umbali umeharibika, na hiyo ni kazi ndefu zaidi. Picha mbili zikipishana juu na chini, fokasi haiharibiki, ila macho yatachoka. Selotepu na kiraka vikikubaliana kote, kamera ni nzima na kosa lilikuwa la kuinamisha. Ni pale tu jedwali lako la makosa linapoonyesha sentimita nyingi kwenye mita 1 na mita 3 ndipo una hoja ya kumpelekea muuzaji.

Kwa mandhari na picha za mtaani, mara nyingi huhitaji kiraka kabisa. Weka f/16, pete kwenye mita 8.5, na kila kitu kuanzia mita 4.2 hadi upeo kitakuwa ndani ya ukali. Kwa f/11 weka mita 12, upate kuanzia mita 6. Hizo hesabu ni za picha ya ukubwa wa kawaida. Ukikusudia kuchapa bango la ukutani, funga tundu hatua moja zaidi (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu) na ubakize umbali ule ule. Usiende hadi f/32 kwa kutaka usalama, maana kwenye tundu dogo hivyo mwanga wenyewe unajitawanya na picha nzima inalainika. Kati ya f/8 na f/16 ndipo lenzi hii inapong'ara.

Ndani ya kidirisha kuna fremu angavu inayosogea kadiri unavyozungusha fokasi, kwa ajili ya kufidia tofauti ya mahali pa kidirisha na pa lenzi. Kwa hiyo fokasi kwanza, kupanga fremu baadaye. Anayepanga kwanza anakata vichwa. Fidia hiyo ni ya mipaka tu, haibadilishi mahali jicho lako lilipo: mnazi ulioutenganisha na bega la mtu kwa kutazama unaweza kuwa umelivaa bega hilo kwenye picha. Ukiona kichwa kimekatika, tazama negativi kabla ya kujilaumu, kwani kishikilio cha skana cha 6x7 hukata pande mbili za 6x9 bila kukuuliza. Tena uliza studio mapema kama mashine yao inakubali 6x9. Si zote zinazokubali.

Kamera hii haina betri wala mita ya mwanga. Kwa jua la saa sita na filamu ya ISO 400, anza na 1/500 kwa f/16. Kivuli cha wazi, chini ya baraza, fungua hatua tatu hadi f/5.6. Programu ya mita kwenye simu inatosha ila ijue tabia yake: inapotazama kitu, inakichukulia kuwa cha kijivu. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe itakufanya upige giza, na ukiielekeza kwenye ngozi nyeusi tititi itakufanya uzidishe. Pima kwenye kiganja cha mkono wako kilicho kwenye mwanga ule ule, kisha fungua hatua moja. Kwa negativi ya rangi kosea upande wa kuzidisha, hatua moja haina shida. Kwa slaidi usikosee upande wowote. Huku kwetu karibu na ikweta jua likizama giza linaingia ndani ya dakika 20 na kitu, kwa hiyo kipimo cha dakika tano zilizopita ni cha zamani. Pima upya.

Ukitaka f/4 mchana wa jua kali kwa filamu ya ISO 100, shata inaishia 1/500 na haitoshi. Kichujio cha kupunguza mwanga cha ND8 kitakupa 1/250 kwa f/4. Faida kubwa ya shata hii ya ndani ya lenzi ni flashi: inalingana nayo kwenye kasi zote, hata 1/500. Mtu aliyevaa kofia saa saba mchana, macho yamezama kivulini, unaweza kumjazia uso bila kupoteza anga. Kichujio cha polaraiza kizungushe kwanza mbele ya jicho, kumbuka alama iliyokuwa juu, kisha kifunge alama ikiwa pale pale.

Kabla ya kila picha vuta kinga ya jua mbele ndipo usome pete. Ikirudishwa nyuma inafunika pete za tundu na kasi, na pete hizo zimekaribiana kiasi kwamba ukizungusha moja unaweza kusogeza na jirani yake. Kushika kwa mkono, usishuke chini ya 1/125.

Usiku, T haifanyi kama B uliyoizoea: ukibonyeza shata inafunguka na haifungi ukiachia kitufe. Inafunga ukiitoa pete kwenye T, na mkono wako utatikisa kamera. Shika kadi nyeusi mbele ya lenzi, fyatua kwa waya, subiri kamera itulie, ondoa kadi, hesabu, rudisha kadi, ndipo uzungushe pete. Filamu nayo huchoka kwenye giza: kwa filamu ya HP5 Plus, mita ikisema sekunde 4 toa 6, ikisema 10 toa 20, ikisema 30 toa 86.

Filamu zihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uzitoe saa moja au mbili kabla ya kuufungua ili umande usitue juu yake. Zilizokwisha kupigwa zisilale kwenye dashibodi ya gari.

Roli yako ya tatu iwe ya majaribio, fremu nane na daftari. Ya kwanza na ya pili, paa la mbali kwa f/3.5 kisha f/11. Ya tatu na ya nne, gazeti ukutani mita 3 na mita 1, kamera kwenye tripodi bila kuinamishwa. Ya tano, gazeti hilo hilo mita 1, ila linganisha katikati kisha inamisha kamera mpaka maandishi hayo yafike robo ya juu, ujionee ukali unavyohama. Ya sita hadi ya nane, kitu kimoja chenye mwanga usiobadilika kwa 1/500 f/4, 1/125 f/8 na 1/30 f/16. Hizo tatu zitoke na weusi sawa kwenye negativi. Ikiwa ya 1/30 ni nyeusi kuliko wenzake, kasi za chini zimechelewa, na hilo nalo liandike kwenye karatasi utakayompa fundi.